Mama Jezi Kwenye Duara la Kati

Watu kumi na mmoja pale uwanjani walijua kwamba Mshale hakuwa tena na mguu wa kushoto. Bosi wa hafla alijua. Mtangazaji alijua, na sauti yake ilikuwa imeshafanya mazoezi ya kutetemeka pale inapostahili. Wapiga picha wanne walijua, maana ilibidi waelezwe wasogeze kamera wapi na wakati gani. Hata mzee anayepaka chokaa kwenye mistari alijua. Asiyejua alikuwa mama yake mzazi, ambaye saa hiyo alikuwa ghorofa ya chini, chumba cha kufulia, akipiga pasi jezi ya kipa huku akimsema kipa mwenyewe.

"Huyu anadaka kwa mabega? Mikono kapewa ya nini? Tazama hii rangi ya nyasi! Nimeisugua mpaka vidole vimekataa."

Binti yake alisimama mlangoni na redio ya mkononi kiunoni. Pale kazini walimwita Mratibu, kwa kuwa ndiye aliyepanga kila kinachotokea uwanjani ambacho si mpira: nyimbo, bendera, hotuba, makofi. Mama yake walimwita Mama Jezi. Alikuwa amefua jezi za klabu ile kwa miaka kumi na tisa, na hapakuwa na mchezaji ambaye hakuwahi kumgombeza kama mwanawe wa kumzaa.

"Mama, mbona hujavaa?"

"Nivae nini tena? Hizi si nguo?"

"Zile nilizokuletea."

"Zile za harusi? Mimi nakwenda kushika kona ya bendera, siendi kuolewa. Wa kuolewa ni wewe, na unakawia."

Mratibu akacheka. Mama akageuza jezi upande wa pili.

"Kaka yako kapiga?"

"Jana. Anakusalimu. Anasema bado miezi miwili."

"Miezi miwili." Mama akaiweka pasi wima. "Siku hizi akinipigia naona uso tu. Zamani alikuwa ananionyesha mpaka viatu. Nikimwambia sogea nyuma nikuone, mtandao unakatika."

"Huko mtandao mbaya, mama."

"Mbaya kuanzia kifuani kwenda chini?"

Alisema kwa mzaha, akaichukua tena pasi. Kinywa cha Mratibu kilikuwa wazi na neno lilikuwa pale, juu kabisa ya ulimi. Dakika mbili tu zingetosha. Redio ikakoroma kiunoni, bosi anamwita jukwaa kuu. Akaondoka, na neno akaondoka nalo.

Uongo ule haukuanzia uwanjani. Miezi mitano nyuma, Mshale alimpigia simu kutoka hospitali ya jeshi, sauti yake kama ya mtu anayeongea chini ya blanketi. Alimweleza: gari lilikanyaga bomu la ardhini, wawili walikufa, yeye alibaki, ila mguu ulikatwa chini ya goti. Kisha akasema, "Mdogo wangu, mwambie mama wewe. Mimi siwezi. Akishajua, ndipo nitarudi. Asipojua, sirudi. Sitaki kumwona anavyoshtuka."

Mratibu alikwenda mpaka kwenye mlango ule ule wa chumba cha kufulia. Akamkuta mama anaimba huku anakamua soksi. Akashindwa. Kesho yake akashindwa tena. Siku ya tatu kaka akapiga: "Umemwambia?" Naye akajibu, "Nimemwambia."

"Kasemaje?"

Hapo ndipo alipoharibu kila kitu. Kazi yake ilikuwa kuwaandikia watu maneno ya kusema, na maneno hayakuwahi kumpa shida. Akasema, "Kasema hata ukirudi umebebwa ndani ya beseni la nguo, wewe ni wake, atakuanika juani ukauke."

Upande wa pili akasikia kaka yake anacheka kwa mara ya kwanza tangu aumie, kicheko chenye kilio ndani yake. Juma lililofuata akauliza tena mama kasemaje, na Mratibu akatunga tena: mama hataki mguu utajwe kwenye simu mpaka waonane ana kwa ana. Mwisho alikuwa anatunga huku anakunywa chai.

Bosi wa hafla alipopata habari kwamba kaka wa mfanyakazi wake ni mwanajeshi aliyejeruhiwa, aliuliza swali moja tu.

"Mama anajua?"

"Hajui."

Macho ya bosi yakang'aa. Kila mwaka klabu ilikuwa na mechi ya kuwaenzi wanajeshi. Wastaafu walipangwa kando ya uwanja, mashabiki waliinua kadi za rangi mpaka jukwaa zima likawa bendera, na wakati wa mapumziko kulikuwa na kipengele kilichopendwa kuliko mabao: mwanajeshi anarudi ghafla, familia yake inamwona pale pale mbele ya watu. Bosi alikuwa na kanuni moja aliyoirudia kama salamu: "Anayeshtukizwa asijue lolote. Machozi hayana marudio."

Na Mratibu, badala ya kukataa, aliona mlango wa kutokea. Alikuwa amekaa miaka sita katika kazi ya kelele, akaamini kelele inatibu. Alijiambia kwamba mama akimwona mwanawe mbele ya watu elfu thelathini wanaoshangilia, hatapata nafasi ya kulia kwa uchungu, atalia kwa fahari. Akishakumbatia, ameshakubali. Mguu utapita katikati ya makofi bila mtu kuuona vizuri. Mshale aliambiwa kwamba mama anajua habari za mguu, asichokijua ni siku ya kurudi tu. Mama aliambiwa atashika kona ya bendera pamoja na akina mama wengine wa wanajeshi. Kila mmoja alipewa nusu yake, na Mratibu alilala usingizi mzito.

Asubuhi ya mechi uwanja ukiwa mtupu, Mshale alifanya mazoezi ya kutoka mlango wa wachezaji mpaka duara la kati. Mara nne. Bosi alitaka achechemee kidogo, ila si sana.

Kipindi cha kwanza kiliisha bila bao. Bendera kubwa ikakunjuliwa juu ya nyasi, akina mama wanne kwenye kona zake. Mama Jezi alikuwa amevaa zile nguo baada ya yote, na viatu vyake vya kazini. Mashabiki walipomwona kwenye skrini kubwa wakamshangilia, "Mama Jezi! Mama Jezi!" Naye akawapungia kwa mkono mmoja, wa pili hauachii kona.

Mratibu alisimama hatua kumi kutoka kwake, kwenye mstari wa pembeni, na karatasi ya ratiba mkononi.

Uso wa Mshale ukatokea kwenye skrini. Kofia ya jeshi, mabega, basi. "Mama," ukasema, "leo natamani ningekuwa karibu nawe."

"Kakonda," mama akasema kwa sauti, akimwambia mwenzake wa kona ya pili. "Umeona mashavu? Hawampi chakula hawa."

Mtangazaji akamsogelea akiwa na kipaza sauti, anatabasamu meno yote nje. "Mama Jezi, leo taifa zima lina zawadi yako. Hebu geuka nyuma!"

Mama akageuka.

Mshale alikuwa ameshatoka kwenye mlango wa wachezaji. Sare ya jeshi ilikuwa imepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, viatu vyote viwili vinang'aa, na jua lilikuwa usoni kwake kiasi kwamba chini ya kofia kilionekana kivuli tu. Alikuwa anakuja. Uwanja uliripuka. Mratibu alimtazama mama akisubiri ile hatua ya kwanza ya kukimbia, hatua aliyoiona kwa akina mama sita katika miaka sita.

Mama hakukimbia. Wala hakuwa anatazama uso. Alikuwa anatazama miguu.

Miaka kumi na tisa ameona wachezaji wakitoka kuumia na kurudi. Alikuwa anajua nani anaficha goti na nani kifundo, na makocha walikuwa wakimuuliza kwa siri. Sasa alikuwa anautazama mwendo ule, mguu wa kushoto unatupwa mbele halafu unasubiriwa. Kichwa chake kilianza kutikisika polepole, kama cha mtu anayeletewa mzigo ambao hakuuagiza.

Mtangazaji alifuata ratiba. Ratiba ilisema: kipaza sauti kinywani mwa mama. "Waambie mashabiki, mama! Huyu anayekuja ni nani?"

"Simjui," mama akasema.

Spika zote za uwanja zikalichukua neno hilo zikalitupa juu, nalo likazunguka majukwaani likarudi. Watu wakacheka. Walidhani ni utani wake.

"Mama Jezi jamani! Mtazame vizuri!"

"Si wangu huyu. Mwanangu hatembei hivi."

Kicheko kikakatika. Watu elfu thelathini wakanyamaza mpaka ikasikika kadi moja ya plastiki ikianguka kwenye ngazi. Na pale kwenye ukingo wa duara la kati, Mshale alisimama. Alikuwa amesikia. Kila mtu alikuwa amesikia. Uso wake ulikuwa kwenye skrini, mkubwa kama nyumba, na Mratibu aliuona ukizimika. Damu ilimwisha midomoni. Yule aliyeambiwa kwamba atapokelewa hata akirudi ndani ya beseni alikuwa amekataliwa na mama yake mbele ya taifa, kwa sababu ya mguu.

Karatasi ilimtoka Mratibu mkononi. Jambo moja tu lilikuwa likimgonga kichwani: anageuka. Kaka anageuka. Akigeuka sasa, akaingia kwenye lile gari la jeshi lililomleta, hatumwoni tena.

"Piga wimbo!" Bosi alikuwa anafoka redioni. "Wimbo wa taifa, sasa hivi! Funika!"

Wimbo ukapigwa.

Elfu thelathini wakasimama kwa mpigo. Wachezaji wa akiba, waamuzi, polisi, wauza maji, wote wakaganda mikono ubavuni. Mshale alikuwa ameshapiga nusu ya mgeuko. Mwili wake ukamrudisha wenyewe. Akasimama mguu sawa, akapiga saluti, macho mbele, na machozi yakaanza kumtiririka pasipo mkono wa kuyafuta. Hakuweza kuondoka. Wimbo ulikuwa umemshika kama msumari.

Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa anatembea. Mama Jezi aliiachia kona ya bendera, ikaanguka kwenye nyasi, na mguno ukapita jukwaani. Alitembea kuvuka bendera yenyewe na viatu vyake vya kazini, akafika mbele ya yule mwanajeshi, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza. Akapiga magoti. Akaanza kumpapasa kuanzia kiatuni: kifundo, muundi, akipanda taratibu juu ya suruali. Vidole vyake vikagonga kitu kigumu. Akavirudisha. Akagonga tena, kama mtu anayebisha hodi.

"Simama, mama!" Mwanamume mmoja alipiga kelele kutoka jukwaani. "Wimbo wa taifa huo! Heshima!"

"Nyamaza wewe!" Mstaafu mmoja aliyekuwa kwenye kiti cha magurudumu alimgeukia, medali zinalia kifuani. "Huyo ni mama yake!"

Mratibu alikuwa amewahi kuwaondoa kazini wafanyakazi wawili kwa kutembea wimbo ukipigwa. Miguu yake yenyewe haikujua kufanya jambo hilo. Aliisukuma mmoja baada ya mwingine, akakimbia, akafika karibu na sikio la kaka yake.

"Hakuambiwa," akasema. "Kaka, mama hakuambiwa. Mimi nilikudanganya. Hakuna siku nilimwambia."

Mkono wa Mshale ulibaki kwenye kofia. Macho tu ndiyo yaliyohama, yakatoka kwenye bendera, yakamtazama dada yake kwa namna ambayo Mratibu hakuwahi kutazamwa na mtu. Kisha yakashuka chini, kwa mwanamke aliyekuwa amekumbatia mguu wa plastiki, anauliza tu, "Lini? Lini? Lini?"

Mistari miwili ya wimbo ilikuwa bado. Mkono ukashuka.

Chumba cha matibabu kilikuwa chini ya jukwaa. Mshale alikaa kwenye kitanda cha kukandia wachezaji, akakunja suruali, akafungua mkanda, akauvua mguu. Mratibu alikuwa mlangoni. Alikuwa akijua habari ya mguu kwa miezi mitano, ameijadili vikaoni, ameiandikia sentensi tatu za mtangazaji. Kumbe hakuwa ameuona. Soksi ya kigutu ilikuwa imelowa damu kuanzia chini hadi katikati.

"Hii ni ya nini?" Mama akauliza.

"Mazoezi ya asubuhi. Mara ya tatu nilisikia majimaji ndani, nikadhani jasho."

"Mazoezi ya nini?"

"Ya kutembea. Ya leo."

Mama alichukua maji ya uvuguvugu na pamba, akaanza kusafisha. Redio kiunoni mwa Mratibu ikakoroma: "Umeona watu wanavyolia? Umeona? Warudishe wakumbatiane dakika moja tu, kamera ya pili ilizibwa na bendera!" Mratibu akaizima. Vidole vyake vilichukua muda mrefu kupata kitufe alichokuwa akikibonyeza kila siku.

"Mama," Mshale akasema. "Yale ya beseni."

"Beseni gani?"

"Ulisema hata nikirudi nimebebwa ndani ya beseni la nguo, mimi ni wako. Utanianika juani nikauke."

Mama alisimamisha mkono. "Nikuanike? Kwani wewe shuka?"

"Hukusema?"

"Sikusema."

Mshale akainamisha kichwa. "Kuna siku kule sikutaka kuamka, mama. Nilikuwa nayarudia hayo mpaka naamka."

"Ni maneno mazuri," mama akasema. "Ni ya huyo aliye mlangoni. Huyo ndiye msemaji kwetu. Mimi nisingesema mengi. Ningeuliza nani anakuosha, halafu ningepanda gari siku hiyo hiyo nije nikuoshe mwenyewe." Akaikamua pamba, maji mekundu yakadondoka. Kisha akamgeukia binti yake, na sauti haikupanda. "Miezi mitano mtu nisiyemjua anamwosha mwanangu kidonda. Na mimi niko hapa namfulia kipa soksi."



"Na pale?" Mshale akauliza, polepole. "Uliposema hunijui?"

"Sikukujua. Nilimwona mtu aliyeumia. Nikasema mwanangu hajaumia, angeumia ningeambiwa." Mama akafuta mashavu yake kwa sehemu ya juu ya mkono, ile iliyokuwa kavu. "Sikusema uongo. Nilisema nilichoambiwa."

Juu yao jukwaa likatikisika, bao, watu elfu thelathini wanaruka. Vumbi likadondoka kutoka darini. Hakuna aliyeinua kichwa. Mama alimaliza kufunga bandeji, akaifunga fundo kwa meno.

"Twende nyumbani," akasema.

"Twende." Mshale akachukua magongo ya timu yaliyokuwa yameegeshwa kwenye kabati. Kisha akamtazama dada yake. "Wewe usije leo."

"Kesho?"

"Sijui. Usinipigie. Na usimtume mtu na maneno."

Mratibu alimtazama mama, kwa mazoea tu, kama alivyomtazama tangu utotoni kila kaka alipomkasirikia. Mama alikuwa anaweka mguu wa bandia kwapani, anautafutia mkao. Hakuinua macho.

Wakatoka. Mratibu aliwashikia mlango. Korido ndefu ya kwenda lango la wafanyakazi ilikuwa imejaa watu: wapishi, walinzi, wasafishaji, wahudumu wa jukwaa kuu na trei zao. Habari ilikuwa imeshafika. Walipomwona Mshale anakuja na magongo, suruali ya kushoto imekunjwa na kubanwa kwa pini, wakajipanga ukutani pande zote mbili, wakanyoosha migongo, wakaanza kupiga makofi kwa mdundo mmoja, taratibu kwanza, halafu kwa nguvu. Walifanya vile hasa walivyofundishwa mwanzoni mwa msimu na Mratibu mwenyewe.

Mshale akasimama. Mabega yakampanda mpaka masikioni.

"Acheni makofi," Mama Jezi akasema. "Mwacheni apite."

Yakakatika moja moja. Mpishi wa mwisho alibaki na viganja vyake hewani, hajui aviweke wapi. Mshale akapeleka magongo mbele, akaufuatisha mwili, akapeleka tena, na mama yake nyuma yake, mpaka wakafika langoni na mlinzi akawafungulia bila saluti.